Naomba ushauri: Mapenzi ya mdogo wangu yameigawa familia yetu

Ndugu zangu, salaam. Mdogo wangu wa kike, Mkristo kama sisi sote hapa nyumbani Temeke, amepata mchumba Mwislamu wa Magomeni, kijana mwenye adabu na kazi yake, na hakuna kati yao aliye tayari kubadili dini. Barua ya posa ililetwa na wazee wake kwa heshima zote. Mpaka leo iko juu ya kabati, imefungwa katika leso yake, kwa kuwa baba amekataa kuifungua, na mama, ambaye alishamzoea kijana huyo kama mwanawe, hasemi na baba ila kwa lazima.

Najua Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali baada ya kumpa msajili taarifa ya siku 21, na wenyewe wameanza kuifikiria njia hiyo. Lakini cheti hakitamlainisha baba, nami naamini kuolewa bila radhi ya mzazi kutamuumiza binti huyu kwa miaka mingi.

Kwa mliopitia jambo hili, nani anafaa kumkabili baba kwanza: shangazi, mchungaji au mshenga? Na suala la dini ya watoto, lizungumzwe sasa au baada ya ndoa?