Lubumbashi–Guangzhou: saa 11 ao siku nzima? Naomba ushauri

Mama Bitenge (Lubumbashi)
Bandugu yambo yenu. Natafuta biyeti ya kwenda Guangzhou kununua bintu, ni mara ya kwanza, mbele nilikuwa natuma tu pesa kwa benzangu. Sasa muvulana wangu ameangalia mu intaneti anasema toka Luano, uwanja wetu wa ndege, mpaka kule ni kama kilometa 10,100, ndege inakimbia 900 kwa saa, basi saa 11 nimefika. Lakini biyeti ya ajansi: natoka 14:30, nafika kesho yake 15:00. Kurudi natoka 00:20 nafika hapa 13:00 siku ileile. Kwenda siku nzima, kurudi nusu siku, na njia ni moja, kupitia Addis Ababa! Ajansi iko inanichezea? Ao nipitie Johannesburg? Magoti inauma, siwezi kukaa sana.

Papa wa Kamalondo
Hapana mama, ajansi iko sawa. Saa za mu biyeti ni za kila mahali ndege inatua. Si unajua Kinshasa ikiwa 10:00 huku kwetu ni 11:00? Guangzhou nayo iko mbele yetu na saa 6. Kwa hiyo ile saa 24 na nusu toa 6, inabaki 18 na nusu: 4 mpaka Addis, 4 na nusu za kungojea, 10 za hewani. Kurudi unafanya kinyume, saa 12 na dakika 40 unaongeza 6. Njo karibu ileile tu.

Kijana Katuba
Na ile saa 11 ya muvulana ni ya mustari wa moja kwa moja, ndege ya vile haiko. Lakini Addis iko karibu njiani kabisa, 2,600 mpaka pale halafu 8,000 na kidogo, unaongeza kama 550 tu. Johannesburg unashuka kusini kwanza ndiyo upande tena, jumla inapita 12,000, magoti itakusemesha mama 😂

Mama Bitenge
Aksanti sana. Lakini mbona kurudi hewani banaandika saa 11 na kwenda 10?

Kijana Katuba
Upepo wa juu kule unatoka magharibi. Kwenda unasukuma ndege, kurudi unaizuia.

Wa Birere (Goma)
Muna bahati nyie munapandia nyumbani. Sisi tangu uwanja wetu ufungwe Januari 2025 tulianza kupitia Kigali, na hizo saa za barabara na mupaka hakuna biyeti inaziandika.

Yaya Kenya Soko
Pole sana ndugu wa Goma. Mama, mimi nakwambia ya kazi: uliza kama bagaji inaenda direkte mpaka Guangzhou, karte jone (ile ya chanjo ya homa ya manjano) ikae mu mukoba wa mukononi, na usipange kuona muuzaji siku ya kufika, kule itakuwa 15:00 lakini mwili wako iko bado saa tatu ya asubuhi na usiku hukulala. Fika Xiaobei, ule mutaa wa Guangzhou, oga, lala. Na usiende wakati wa mwaka mupya ya Bachina, maduka inafunga, utarudi na mukoba mutupu.

Mama Bitenge
Basi nabeba ya Addis. Kiti ya magoti njo gani?

Yaya Kenya Soko
Ya kando ya njia, unasimama bila kuomba mutu ruhusa. Chukua mapema, inaisha mbio.