Kijana anayejitolea, saa nne na mtendaji wa kijiji

Mwenyeji_Iringa: Wakuu, habari. Kijana wa Kijerumani anayejitolea shuleni kwetu aliambiwa na mtendaji wa kijiji, "Njoo saa nne." Akatokea saa kumi jioni, ofisi imefungwa. Kesho yake kaingia na "Marahaba, mzee!" Mtendaji kacheka mpaka kaweka kalamu chini. Anarudi Jumatatu. Tumwandaeje?

Saa_Mbovu: Yeye anahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi jua linapochomoza. Mpe saa ya mshale: mshale mfupi ukiwa kwenye 10, asome namba inayotazamana nayo, yaani 4. Kwenye simu atoe 6: 10:00 ni saa nne. Ofisi za serikali ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, ila mchana watendaji huwa wameshatoka kwenda vitongojini. Awahi.

Bibi_Salamu: Shikamoo huanza mdogo, mkubwa ndiye huitikia marahaba. Akichanganyikiwa, "habari za kazi" inatosha.

Karani_Mstaafu: Salamu itasamehewa, karatasi hazisamehewi. Barua ya utambulisho kutoka halmashauri ipitie kata kwanza. Nakala mbili: moja inaingia kwenye faili, ya pili igongwe muhuri arudi nayo. Aongeze nakala ya pasipoti na kibali cha ukaazi daraja C. Kwenye kitabu cha wageni, safu ya "cheo" huwakwamisha wengi. Aandike "mwalimu wa kujitolea", asiache wazi.

Mwenyeji_Iringa: Kata tuliiruka! Asante, mzee wangu.