Safari ya wanafunzi nje ya nchi: kutalii na kujitolea, tupangeje?

mlezi_wa_klabu
Habari zenu. Likizo ijayo klabu yetu ya wanafunzi inataka kusafiri nje ya nchi. Wakala ametuletea ratiba: kwanza makumbusho na hifadhi, kisha siku tatu za kujitolea kwenye kituo cha watoto yatima, kucheza nao na kuwafundisha nyimbo. Wazazi wameipenda. Mimi roho inasita kila nikitazama zile picha za wageni waliopakata watoto wasiowajua hata majina. Je, nina wasiwasi bure? Na kama si huko, kazi gani inawafaa vijana ambao wengi hawajafikisha miaka 18?

mpokea_wageni
Mwalimu, wasiwasi wako una msingi. Kazi yangu ni kupokea vikundi vya wanaojitolea, na hili nalisema bila kupepesa macho: msiende kituo cha yatima. Wengi wa watoto wanaolelewa kwenye vituo hivyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Umaskini ndio uliowatoa nyumbani. Mgeni akilipa ili awaone, kituo kinapata sababu ya kuwabakiza. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililotaja madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima, utalii ukiwemo.

Nimemwona mtoto akimrukia mapajani mgeni ambaye hata begi hajaliweka chini. Wageni husema, "Ana upendo huyu!" Lakini mtoto mwenye mlezi wa kudumu kwanza humchungulia mgeni akiwa nyuma ya nguo ya mama yake. Yule mwingine ameagwa mara nyingi mno, na Jumatatu linakuja kundi jipya.

Kwa vijana wako ningechagua usafi wa ufukweni, ule wa kuhesabu. Lipo zoezi la kimataifa lililoanzia Texas mwaka 1986, na hadi leo hufanyika kila Septemba. Mmoja anaokota, mwenzake anaandika kila kitu kwenye fomu: vizibo, mirija, vichungi vya sigara (wengi hudhani ni pamba, kumbe ni plastiki). Takwimu hizo zinatumika kweli, na hazihitaji ujuzi, zinahitaji umakini tu. Saa mbili za kuinama zinawatosha. Baada ya hapo waende kuogelea na kutalii bila kuona haya. Kutalii si dhambi. Mlipeni vizuri mwongozaji mwenyeji, naye anatunza familia yake.

begi_mgongoni
Naongezea ya makaratasi. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi hata kama hulipwi, kwa hiyo viza ya utalii huenda isitoshe. Uingereza, kwa mfano, humruhusu mgeni wa kawaida kujitolea hadi siku 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Bima nayo: ulizeni kama inamlipia kijana aliyeumia akiwa na koleo au juu ya ngazi. Na mkienda kunakodaiwa chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, msingoje wiki ya mwisho.

mlezi_wa_klabu
Asanteni sana. Nimemwambia wakala tunafuta kituo. Sasa ananishauri tukapake rangi shule moja. Nimuulize nini?

mpokea_wageni
Muulize ni nani pale shuleni aliyeiomba kazi hiyo. Akikwepa, tafuta wakala mwingine. Akikupa jina, piga simu mwenyewe uongee na mwalimu mkuu, maana nimeona ukuta ukipakwa upya kila likizo huku vyoo havina milango. Ikiwa kweli wanataka rangi, aajiriwe fundi wa hapohapo, alipwe kutoka kwenye michango yenu, na wanafunzi wawe wasaidizi wake: wakwangue rangi ya zamani, wapige msasa, wabebe ndoo. Kazi za kwenye ngazi abaki nazo fundi.