Majirani Makorora: watoto wetu na Nane Nane

Mama Salma: Asalaam aleikum majirani. Nane Nane hiyo imefika na chekechea inafungwa. Hawa wadogo wa miaka mitatu hadi mitano tunawafanyia nini? Sikukuu iliyopita walishinda kwenye tivii mpaka wakaanza kugombana na katuni

Baba Hamisi: Waleikum salaam. Twendeni Morogoro kwenye maonyesho. Kanda ya Mashariki yote inakutana pale, sisi Tanga, Pwani, Dar na wenyeji wenyewe. Kuna ng'ombe, matrekta, samaki wa mabwawa

Mama Kelvin: Baba Hamisi, Tanga mpaka Segera, Segera mpaka Chalinze, hapo ukunje kulia uitafute Morogoro. Na mtoto wa miaka mitatu mapajani anataka kukojoa kila kituo. Nenda utuletee picha 😂

Baba Hamisi: Nimetoa wazo tu jamani

Mwalimu Rukia: Tena kwenye umati ule mtoto mdogo haoni trekta, anaona magoti ya watu. Bora mavuno tuyalete uani kwetu wayashike kwa mikono yao.

Mzee Kombo: Siku ya wakulima zamani ilikuwa Saba Saba, siku iliyozaliwa TANU, mwaka 1954. Sasa Saba Saba wamekaa wafanyabiashara, sisi wa jembe tukasogezwa Agosti.

Mama Kelvin: Shikamoo mzee. Tulikuwa kwa watoto 😅

Mzee Kombo: Marahaba. Nafika huko, usinikimbize. Mahindi yangu ya Pongwe yameshakauka. Naleta gunia moja yakiwa na maganda yake. Wayamenye, wayapukuchue, na mimi nipate wafanyakazi wa bure.

Mama Salma: Hahaa mzee ana hesabu zake

Mwalimu Rukia: Lakini kazi yenyewe ni nzuri mno. Kupukuchua kunamfanyisha kazi kidole gumba na cha shahada, na vidole hivyo ndivyo atakavyoshikia penseli. Ila hindi zima linamshinda mtoto, anakata tamaa anakwenda kucheza na mchanga. Mkubwa amfungulie mstari mmoja au miwili kwanza, hapo mtoto anasukuma punje zinaanguka. Ukiona anazidondosha kwenye sufuria ya bati, usimkataze kelele. Kelele ndiyo raha yenyewe.

Mama Salma: Mimi hofu yangu pua. Wangu alishawahi kuingiza punje ya mahindi puani, tukaenda nayo hospitali usiku

Mwalimu Rukia: Ndiyo maana wa miaka mitatu wapewe vitu vikubwa. Wapange machungwa huku, ndimu kule, vifuu pale. Kunde, choroko na karanga wabaki nazo wakubwa wao, na mtu mzima akae palepale, asiwe anachungulia kutoka jikoni. Karanga nzima na bisi kwa wadogo hapana, zinakaba. Na punje ikiingia puani msichokonoe kwa kijiti, mnaisukuma ndani zaidi.

Baba Hamisi: Mimi nina mbegu za mahindi zilizobaki msimu wa masika, zina rangi nyekundu nzuri, watoto watazipenda

Mzee Kombo: Weee! Rangi ile ni alama ya dawa. Mbegu hiyo si ya kuchezea wala ya kumpa kuku. Iweke juu, au bora uipande vuli.

Mama Kelvin: Baba Hamisi leo hana bahati

Mwalimu Rukia: Mzee yuko sahihi kabisa. Na kwenye gunia pia tuchambue kabla watoto hawajafika. Hindi lenye ukungu litolewe, lina sumukuvu, na kulichemsha hakuiondoi.

Mzee Kombo: Mahindi yangu hayana ukungu mwalimu.

Mwalimu Rukia: Sijasema ya kwako mzee wangu 🙏

Dada Mwantumu: Jamani bibi Zena yuko hapa pembeni yangu, nimemsomea yote. Anasema niandike: maganda ya mahindi msitupe. Yale laini ya ndani yaloweke kidogo yalegee, bunzi linakuwa mwili wa mtoto, ganda moja unalifunga kiunoni kama kanga, jingine unamtandia kichwani. Nyuzinyuzi za hindi ndiyo nywele. Anasema yeye mtoto wake wa bunzi alikuwa na mchumba 😂😂

Mama Salma: Shikamoo bibi! Mchumba naye bunzi?

Dada Mwantumu: Anasema marahaba, na mchumba alikuwa bunzi lililoliwa na panya, lakini mahari alitoa

Mama Kelvin: 😂😂😂

Dada Mwantumu: Anaendelea. Makuti mabichi aletewe, atawatengenezea saa za mkononi, miwani na feni ya kukimbia nayo upepo ukivuma. Kusuka ukili anasema miaka mitatu bado, wa miaka mitano anaweza kuanza na miyaa miwili. Mbuzi ya nazi hataki mtoto aikaribie. Wakubwa wakune, watoto wapewe machicha wayakamue tui kwa mikono.

Mama Kelvin: Hiyo ya tui Kelvin ataifia. Nyumbani akisikia mlio wa mbuzi anakuja na bakuli

Mwalimu Rukia: Mimi nitaleta karatasi na bamia. Bamia ukiikata kwa upana inatoka ua lililo tayari, unaichovya kwenye rangi unagonga. Chungwa nusu pia, likaushwe kidogo kwa kitambaa, bila hivyo linatoa maji tu. Rangi tusinunue. Manjano kwa maji, mkaa uliosagwa, rosela iliyochemshwa.

Mama Salma: Manjano hayatoki kwenye nguo mwalimu

Mwalimu Rukia: Basi wavae za kuchakaa. Atakayemleta mtoto na gauni la Idi, mimi simo.

Dada Mwantumu: Na mimi nina mchezo. Nitapita Mgandini ninunue mdalasini, iliki na karafuu, zile za wakulima wa Amani. Tunamfunga mtoto kitambaa machoni, ananusa anataja. Nilimjaribu Hamisi jana, nikamnusisha karafuu akasema dawa ya meno

Baba Hamisi: Mwanangu huyo, hajakosea

Mama Kelvin: Pilipili manga usiweke tafadhali. Wataivuta puani yote

Dada Mwantumu: Siweki dada

Mzee Kombo: Na vitendawili je? Watoto wa siku hizi hawavijui. Nitawapa rahisi. Kuku wangu katagia miibani.

Baba Hamisi: Nanasi!

Mama Kelvin: Umeulizwa wewe? 😂

Mwalimu Rukia: Mzee uje na nanasi lenyewe limefichwa kwenye kapu. Akikosa, aingize mkono aguse majani na maganda yake, ataliotea mwenyewe. Halafu tunalikata wale.

Mama Salma: Chakula basi. Mahindi mabichi kama yapo tuchemshe, mihogo nitatoa mimi

Mzee Kombo: Mihogo ichemshwe yote. Nawajua hawa, wataanza kutafuna mibichi kama miwa. Ile michungu ina sumu, na kwa macho huwezi kuitofautisha.

Mama Salma: Sawa mzee, itafika ikiwa kwenye sufuria. Tuanze saa tatu asubuhi kabla jua halijawa kali, adhuhuri kila mtu na wake wakalale. Uani kwetu kuna mwembe, kivuli kipo. Mikeka bado, ninayo mmoja tu

Mama Kelvin: Mimi miwili, na ungo. Ila wa kupepeta nao awe bibi Zena, mimi nikipepeta makapi yanabaki mahindi yanaondoka

Dada Mwantumu: Bibi anasema anakuja, apewe kiti chenye mgongo na asikalishwe karibu na Mzee Kombo, hadithi zake ndefu

Mzee Kombo: Nimesoma.

Baba Hamisi: Mimi nimebaki na nini sasa? Nilete kile kibeberu changu watoto wakilishe maganda?

Mama Salma: Kilete, lakini kifungwe kamba fupi, mbali na gunia

Mzee Kombo: Fupi sana.