Punda wa miaka miwili, hajawahi kubeba kitu

Jamani, nimenunua punda dume hapa Lamu. Nikimwekea shogi tupu, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, ngozi ya mgongo inamtetemeka, masikio yanalala nyuma, kisha anaganda pale pale. Kijana wangu alitaka kumpiga fimbo, nikamkataza. Nianzie wapi?

— Umefanya vyema, ndugu yangu. Punda akiganda si ukaidi, ana hofu. Mwache ainuse shogi kwanza, kisha mpanguse nayo shingoni taratibu. Dakika kumi kila asubuhi, basi.

— Mchanga na mawe asibebe kabla ya miaka minne, mifupa haijakomaa. Kwa sasa mtembeze nyuma ya punda mzee aliyezoea vichochoro.

— Ahsanteni sana. Leo ameinusa, akatafuna na kamba yake. Hakutetemeka.