Tukio la jahazi kuzama: kompyuta, mfano mdogo au jahazi lenyewe?

Mwongozaji_Tanga
Wanajukwaa, naomba ushauri kwa jambo ambalo sina budi kulikatia shauri kabla ya mwisho wa mwezi. Ninaongoza filamu fupi ambayo kilele chake ni jahazi linalozamishwa na dhoruba, na timu yangu imegawanyika. Mhariri wetu anataka bahari yote itengenezwe kwa kompyuta. Seremala tuliyezungumza naye yuko tayari kutuundia jahazi dogo la kupigia picha bwawani. Mimi mwenyewe ninavutiwa na kukodi jahazi halisi. Ninachohofia ni kazi yetu kufanana na filamu kubwa za siku hizi, ambamo miji mizima huporomoka na mtazamaji hashtuki, kwa kuwa macho yake yameshajua kwamba hakuna kilichoanguka. Ninyi mngechagua njia ipi?

Kamera_Kongwe
Ndugu yangu, umeuliza bei bila kutaja bidhaa. Tukio ni la usiku au la mchana? Litachukua dakika ngapi? Ndani ya jahazi kuna watu wangapi, na wanajua kuogelea? Mna fedha kiasi gani, na kamera yenu inapiga fremu, yaani picha moja moja, ngapi kwa sekunde? Tujibu hayo kwanza.

Binti_Bandari
Wakati tunasubiri majibu, naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu, kwa sababu mimi nilishapita njia ya huyo mhariri. Tulikuwa tunatengeneza filamu ya nusu saa kuhusu mvuvi aliyepotea baharini. Tuliambiwa kwamba kwenda baharini ni gharama na hatari, kwa hiyo tukaipandisha ngalawa juu ya matairi uani, tukatundika nyuma yake kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukiondoa na kuweka mandhari nyingine, na mwigizaji akapiga kasia hewani saa tisa alasiri. Maji, anga na mvua vingeingizwa baadaye. Aliyepewa kazi hiyo alijituma sana. Kompyuta yake ilikesha siku 11 ikitoa picha za dakika 4, na mawimbi yenyewe, ukiyatazama peke yake, yalipendeza. Lakini jua la alasiri lilikuwa limemchora mwigizaji kivuli kikali shingoni, ilhali anga tuliyomwekea ilikuwa ya mawingu mazito. Rangi ya kitambaa ilibaki imemng'ang'ania mabegani. Mvua ilipita mbele yake na nyuma yake bila kumlowesha. Tulipowaonyesha wavuvi wenyewe, ambao filamu ile ilikuwa heshima kwao, mzee mmoja aliuliza kwa upole kwa nini yule kijana hakazi miguu. Hakutaja kompyuta hata kidogo. Aliona tu mwili ambao haukubebwa na maji. Swali lile linaniuma hadi leo, kwa sababu tungeweza kulijibu kwa kumpeleka yule kijana mita 50 kutoka ufukweni.

Mtazamaji_Mwaminifu
Dada, pole sana. Mimi msimamo wangu ni mmoja: kompyuta isiguse tukio hilo. Katika Jaws ya mwaka 1975, papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, na mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kumficha sehemu kubwa ya filamu. Tulichokiogopa ni uso wa maji na vile vipipa vya njano vilivyokuwa vikiburutwa na papa. Leo mwongozaji mwenye tatizo kama hilo angemwonyesha papa tangu dakika ya kwanza, kutoka kila upande, na hofu yote ingekufa. Jahazi lisionekane likizama. Onyesha taa ikizimika.

Mchora_Mawimbi
Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusuni niitetee. Titanic ya mwaka 1997 ilikuwa na meli iliyojengwa karibu kwa ukubwa kamili huko Rosarito, Mexico, ilikuwa na mifano midogo, na ilikuwa na kompyuta. Ule mvuke wa pumzi za watu waliokuwa wakielea katika maji ya baridi uliongezwa baadaye, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu maji yalikuwa maji na watu walikuwa wamelowa kweli. Vilevile katika Life of Pi ya mwaka 2012, mashua ilielea kwenye bwawa kubwa la mawimbi lililojengwa Taiwan, ingawa chui milia kwa sehemu kubwa alikuwa wa kompyuta. Kampuni kuu iliyomtengeneza chui huyo, Rhythm & Hues, iliomba ulinzi wa mufilisi Februari 2013, mwezi uleule ambao kazi yake ilishinda Oscar. Watu wanaotukana efekti za kompyuta wangefahamu hilo. Mara nyingi tatizo ni mwongozaji anayeahirisha kila uamuzi, anapiga picha bila kujua mwanga utatoka wapi, kisha anawaachia mafundi wachache mzigo wa filamu nzima na muda usiotosha.

Mtazamaji_Mwaminifu
Nakubali kuhusu mafundi, wala sikuwatukana. Hata hivyo Mad Max: Fury Road, iliyopigwa jangwani Namibia kwa magari ya kweli, inathibitisha kwamba inawezekana bila kompyuta.

Mchora_Mawimbi
Samahani, hiyo haithibitishi hivyo. Filamu hiyo ina takribani vipande 2,000 vya picha vilivyopitia mikono ya watu wa kompyuta: kamba za usalama zilifutwa, anga zikabadilishwa, dhoruba ya mchanga ikatengenezwa. Uliiamini kwa sababu magari yalikuwa na uzito wake na vumbi lake, na kwa sababu kamera ilikaa mahali ambapo kamera inaweza kukaa. Kamera ikianza kupenya katikati ya mlipuko na kutokea upande wa pili, mtazamaji anajua papo hapo kwamba hakuna mtu aliyekuwepo pale.

Mwongozaji_Tanga
Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kuchelewa. Tukio ni la usiku, dakika 2. Waigizaji ni wanne, na wawili hawajui kuogelea. Filamu nzima ina shilingi milioni 7. Kamera inapiga hadi fremu 120 kwa sekunde. Jahazi la kwenye hadithi lina urefu wa mita 18.

Kamera_Kongwe
Sasa tunaweza kuzungumza. Wawili wasiojua kuogelea wamelifuta jahazi halisi kwenye maji ya kina, na hapo sibishani na mtu. Kuhusu mfano mdogo, mwambie seremala asishuke chini ya mita 2, yaani sehemu moja ya tisa. Kasi ya kamera huongezwa kwa kipeuo cha pili cha upungufu huo; kipeuo cha pili cha 9 ni 3, kwa hiyo mtapiga fremu 72 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida, ili mawimbi yaonekane mazito. Mkitengeneza wa nusu mita, hata kasi ya fremu 144 ambayo kamera yenu haina haitawaokoa, kwa kuwa tone la maji halipungui ukubwa; litaonekana kama ndoo iliyomwagwa. Usiku unawasaidia, maana giza huficha kingo za bwawa. Nyuso za waigizaji pigeni kwenye maji ya magotini, taa ya chemli ikining'inia na kuyumba kweli. Kompyuta iwafutie taa za mji kwa mbali, basi.

Binti_Bandari
Naunga mkono hiyo taa. Sisi hatukuwa na kitu chochote kilichoyumba.

Mwana_wa_Nahodha
Nimesoma yote na kuna jambo halijaulizwa. Jahazi limebeba nini? Likiwa limepakia mbao nyepesi zinazoelea, halitazama. Litajaa maji, litalala ubavu, na tanga lililolowa litalizuia kuinuka, huku watu wameshikilia mbao kwa saa nyingi. Likiwa na saruji, litashuka moja kwa moja. Hayo ni matukio mawili tofauti, na mtu wa Pwani atayatofautisha, iwe mmetumia kompyuta au mbao.

Mwongozaji_Tanga
Shehena haimo kwenye mswada. Jumamosi ninaonana na seremala. Kesho nitakaa kwanza na mwandishi.

Mtazamaji_Mwaminifu
Mwambie achague mbao nyepesi. Hapo huhitaji kuonyesha jahazi likizama kabisa.

Mchora_Mawimbi
Kulala ubavu ndiko kugumu zaidi kupiga picha bwawani, ndugu. Tuma michoro ya tukio kabla ya Jumamosi tuitazame.