Tupeane uzoefu: mtu akishikwa au kuumizwa na polisi Kenya, hatua zipi huokoa kesi?

MsaidiziWaSheria_Kisauni
Wadau, visa vya nani alitendewa nini tuviache kando. Leteni hatua zinazofanya kazi. Naanza na kitabu cha matukio, OB.

Ukifika kituoni uliza mambo manne: namba ya OB, saa iliyoandikwa, kosa, na afisa aliyemleta mtu wako. Nakili mwenyewe hapo hapo. Kinachochezewa zaidi ni saa. Mtu kashikwa saa tano asubuhi, kitabu kinasema saa mbili usiku, na zile saa 24 za Ibara ya 49 ya Katiba zimeongezwa kimyakimya. Saa hizo zikiisha siku ambayo mahakama haikai, wanaruhusiwa kumfikisha siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo faida ya kamatakamata za Ijumaa jioni: mtu analala ndani hadi Jumatatu kwa kosa dogo ambalo askari angeweza kulimaliza kwa onyo. Kwa hiyo omba bondi, yaani ahadi ya maandishi ya kurudi akiitwa, kwa OCS (mkuu wa kituo) usiku huo huo. Bondi ya polisi haina malipo. Wakitaka dhamana ya pesa taslimu, dai risiti ya serikali. Bila risiti hiyo ni hongo.

Usikubali jibu la "hayuko hapa" kirahisi. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walizuiliwa katika kambi ya Polisi wa Utawala ya Syokimau kabla ya kuuawa. Zungukeni hata kambi na vituo vidogo, huku wakili akiwasilisha ombi la habeas corpus, yaani polisi waamriwe kumleta mtu mbele ya mahakama, katika Mahakama Kuu.

TabibuWaZamu
Hospitali kwanza, makaratasi baadaye. P3, fomu ya kurekodi majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi na kujazwa na daktari au afisa wa kliniki, lakini matibabu hayaisubiri. Wakikunyima fomu, maelezo ya matibabu ya siku ya kwanza ndiyo yatakayosimama mahakamani, basi mwambie anayekuhudumia aandike kila jeraha: liko wapi, urefu kwa sentimita, rangi, na maneno yako kuhusu lilivyotokea. "Amepigwa" peke yake haitoshi. Rungu mara nyingi huacha mistari miwili sambamba iliyovilia damu, katikati pameupe. Alama hiyo ni vigumu mtu kuipata kwa kuanguka. Piga picha ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili, kisha ya karibu ukiweka rula kando. Rudia baada ya siku mbili, maana damu iliyovilia ndani huchelewa kujitokeza.

Na hili naomba lisipuuzwe: aliyepigwa sana mapajani, matakoni au mgongoni akikojoa mkojo wa rangi ya chai kavu, mrudisheni hospitali mara moja. Misuli iliyopondeka inamwaga sumu kwenye figo. Anaweza kufa siku kadhaa baadaye, hata kama hana jeraha la kutisha nje.

Nguo zenye damu au tundu la risasi msifue. Zianikeni kivulini zikauke, kisha mtie kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki huzioza.

Jirani_wa_Kituo
Kulalamika IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, kunasaidia kweli?

MsaidiziWaSheria_Kisauni
Inachunguza, lakini kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa hiyo faili dhaifu hufia njiani. Peleka namba ya OB, P3, picha na video halisi kutoka kwenye simu iliyorekodi. Iliyozunguka WhatsApp hupoteza taarifa zake za asili. Hatari pia ipo. Mwenda alikuwa amelalamika IPOA kwamba askari alimpiga risasi. Shahidi anayetishwa aombe ulinzi mapema, kabla jina lake halijatajwa.

SareZamani
Kwenye kesi za risasi, wakili adai daftari la ghala la silaha. Linaonyesha bunduki namba ngapi ilichukuliwa na nani, risasi ngapi zilitoka na ngapi zilirudi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka askari aonye kabla ya kufyatua, isipokuwa kuonya kungehatarisha maisha, na aripoti kwa mkubwa wake. Amri haramu ya bosi haimkingi. Sheria hiyo hiyo inataka jina au namba ionekane kwenye sare. Akiificha, nakili namba ya gari.

TabibuWaZamu
Mtu akifia seli, familia iseme kwa maandishi kwamba mwili usitiwe dawa ya kuhifadhi kabla ya uchunguzi, na ilete mwanapatholojia wake. Palipo na risasi, eksirei itangulie kisu. Juni 2025 polisi walidai Albert Ojwang, mwanablogu aliyefariki akiwa mikononi mwao, aligonga kichwa ukutani katika kituo cha Central, Nairobi. Uchunguzi wa maiti ulikuta majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na michubuko sehemu nyingi za mwili, na maelezo yale yakaanguka. Kifo cha aina hii pia humpa hakimu mamlaka ya kuchunguza chini ya kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Wakili aombe hilo bila kungoja polisi wamalize uchunguzi wao.